Kufungasha programu kabla wenyewe hawajatoa toleo

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Nyakato, Mwanza. Ninatunza kompyuta 26 za wafanyabiashara wa dagaa. 21 ziko Mwaloni Kirumba na 5 ziko Nansio, Ukerewe. Zote zinatumia Debian (mfumo huria wa Linux) na programu huria inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali, kuuhifadhi na kuchapa risiti. Toleo la mwisho la programu hiyo ni 1.3, lina zaidi ya miaka miwili, na halitambui waya za USB zinazouzwa mjini siku hizi. Wenye programu wamekwisha kurekebisha kwenye ghala lao la git (mfumo unaotunza historia ya msimbo) ila hawajatoa toleo. Nilichota msimbo nikatengeneza kifurushi 1.3+gitf07a2c1-1, kikafanya kazi. Mwezi uliofuata nikachota tena na kutengeneza 1.3+git3be91d0-1, lakini hakuna mashine hata moja iliyopanda. Apt, programu inayosasisha vifurushi, inasema hakuna kipya. Rafiki yangu ananishauri nikiite 1.4 yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na sababu ya apt kukataa, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua leo, kisha nitageukia swali ambalo hukuniuliza lakini lilipaswa kutangulia: je, ulihitaji kuchota msimbo mzima? Ninaposema kifurushi ninamaanisha faili la .deb, si kifurushi cha intaneti cha simu. Na ninaposema msimbo uliochotwa ninamaanisha ule uliochukuliwa kwenye ghala la wenye programu wakati wao wenyewe hawajatangaza toleo.

Apt haina habari na git. Haijui kwamba komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye git) 3be91d0 ilikuja baada ya f07a2c1. Inachokiona ni mifuatano miwili ya herufi na tarakimu, nayo huilinganisha kwa kanuni ya dpkg (programu iliyo chini ya apt inayosakinisha .deb), ambayo husoma namba ya toleo kutoka kushoto kwenda kulia kwa kupokezana: sehemu isiyo na tarakimu, kisha sehemu ya tarakimu, kisha tena isiyo na tarakimu, mpaka tofauti ipatikane. Sehemu za tarakimu hulinganishwa kama hesabu, nyingine kama herufi. Katika namba zako, 1.3 ni sawa kwa sawa. Baada ya hapo kifurushi cha kwanza kina +gitf, kwa kuwa heshi yake, yaani alama ya utambulisho ya komiti, inaanza na herufi f, na cha pili kina +git tu, kwa kuwa heshi yake inaanza na tarakimu 3. Chenye herufi ya ziada ndicho kikubwa, na ulinganisho unakoma hapohapo. Yanayofuata hayasomwi kabisa. Kwa hiyo machoni pa dpkg, kifurushi chako cha zamani ndicho kipya. Jaribu mwenyewe:

dpkg --compare-versions 1.3+gitf07a2c1-1 lt 1.3+git3be91d0-1 && echo ndogo

Amri hiyo itanyamaza. Badili lt (ndogo kuliko) iwe gt (kubwa kuliko), nayo itajibu. Kama heshi zako zingekuja kwa mpangilio mwingine, kifurushi cha pili kingepanda bila shida na usingejua kwamba una kasoro hadi mara ya tatu au ya nne, kwa sababu heshi ni matokeo ya hesabu tu juu ya yaliyomo kwenye komiti na haibebi umri wala mfuatano wowote.

Wengi watakushauri utangulize tarehe ya komiti mbele ya heshi, yaani 1.3+git20250612.3be91d0-1. Kwa mtu anayeanza upya ushauri huo ni mzuri. Kwako hautafanya kazi, na ninakuomba usome aya hii polepole. Baada ya +git inakuja tarakimu 2, kwa hiyo sehemu isiyo na tarakimu inabaki kuwa +git, na ile +gitf iliyomo kwenye mashine zako 26 bado ni kubwa kuliko hiyo. Ungejenga kifurushi chenye jina lililopangwa vizuri, ukakiweka kwenye seva yako, na mashine zingekaa vilevile.

Pa kutokea ni kubadili neno lenyewe. Ukiandika 1.3+snapshot20250612.1.3be91d0-1, ulinganisho utakutanisha herufi s na herufi g, na s ndiyo inayokuja baadaye katika alfabeti. Kifurushi hicho kitakuwa juu ya vyote viwili ulivyokwisha kutengeneza na juu ya 1.3-1, yaani kifurushi cha kawaida cha 1.3, lakini kitabaki chini ya 1.3.1 na chini ya 1.4, ambayo ndiyo majina wenye programu wanayoweza kuyatumia kesho. Usiniamini kwa maneno; pitisha kila jozi kwenye amri ile ya juu kabla ya kujenga.

Ile 1 iliyo kati ya tarehe na heshi ni namba ya uchotaji wa siku hiyo, na ni lazima iwepo tangu kifurushi cha kwanza. Siku utakayochota mara mbili, pasipo namba hiyo, mshindi atapatikana tena kwa heshi. Na ukiiongeza umechelewa, itashindana na tarakimu ya mwanzo ya heshi ya asubuhi, ambayo inaweza kuwa 3 au 9.

Tarehe nayo ina mtego unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Komiti iliyofanywa Mwanza saa saba usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, kwa saa za UTC (saa za kimataifa) ilifanywa saa nne usiku wa tarehe 12, kwa kuwa tuko mbele kwa saa 3. Git huhifadhi wakati pamoja na ukanda wa saa wa aliyefanya komiti, na usipoielekeza itakuonyesha tarehe ya kwake. Watu wawili wenye komiti mbili, mmoja Mwanza na mwingine Marekani, wanaweza kukupa tarehe zinazorudi nyuma ilhali kazi inasonga mbele. Kwa hiyo chukua tarehe ya komiti, si ya siku uliyochota wewe, na uichukue kwa UTC:

TZ=UTC git log -1 --date=format-local:%Y%m%d --format=%cd 3be91d0

Sasa ushauri wa rafiki yako. Usikiite 1.4, tafadhali. Ukitengeneza 1.4-1 leo, siku wenye programu watakapotoa 1.4 ya kweli na mtu wa Debian akaifungasha, naye ataiita 1.4-1, na mashine zako zitaona kwamba tayari zinayo. Mtu wa Mwaloni atakaporipoti hitilafu, atawaandikia wenye programu kwamba anatumia 1.4, nao watahangaika kutafuta kwenye msimbo wao kosa ambalo labda halimo. Hata taarifa za usalama huandikwa kwa kutaja matoleo yaliyoathirika, na wewe utakuwa umejipachika namba isiyo yako.

Kuna njia ya kuitaja 1.4 kwa uaminifu, nayo ni alama ya kiwimbi, ~, ambayo dpkg huiweka chini ya kila kitu, hata chini ya mwisho wa neno. Hivyo 1.4~git20250612 ni ndogo kuliko 1.4. Wafungashaji wengi huitumia, na pale ambapo wenye programu wamekwisha kuandika ndani ya msimbo kwamba wanaelekea 1.4 haina ubaya. Mimi huipendelea alama ya kujumlisha, kwa sababu hiyo husema jambo lililokwisha kutokea: 1.3 ilitoka, nami nimechukua yaliyofuata. Kiwimbi hubashiri. Wakiamua kutoa 1.3.1 kwanza, 1.4~git yako itakuwa juu yake, na mashine zako hazitaipokea 1.3.1 hata kama imebeba marekebisho ya usalama. Wakitoa 1.4~beta1 baada yako, nayo itakuwa chini yako kwa kuwa b hutangulia g. Kwa Fedora na jamaa zake, mifumo ya Linux inayotumia vifurushi vya RPM, jambo hilihili hufanywa kwa alama ya ^, ambayo RPM iliipokea kuanzia 4.15, na maana yake ni ileile ya kujumlisha: baada ya toleo hili na kabla ya linalofuata.

Kosa la namba hudumu kuliko unavyodhani. Miaka ya nyuma nilifungasha programu ambayo haikuwa imewahi kutolewa hata mara moja, nikaipa tarehe tupu, 20160418-1. Wenye programu walipotoa 1.0, milioni ishirini na ushee ilikuwa kubwa kuliko moja, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuweka epoki, yaani namba ya mbele yenye nukta pacha inayoshinda yote yanayofuata, 1:1.0-1. Epoki haiondoki tena kwa maisha yote ya kifurushi, na haionekani hata kwenye jina la faili la .deb, kwa hiyo kila anayerithi kazi hiyo huikwaa upya. Kama ningeanza na 0~20160418-1, 1.0 ingeingia bila neno.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali lililopaswa kutangulia. Tatizo lako la kwanza lilikuwa waya. Chomeka mojawapo kisha andika lsusb. Ukiona 1a86:7523, hiyo ni alama ya chipu ya CH340, iliyomo kwenye waya nyingi za bei nafuu, na kerneli ya Debian, yaani kiini cha mfumo, inaitambua siku nyingi. Kama programu yako inashindwa, huenda ina orodha yake ya ndani ya alama inazozikubali, na marekebisho ya aina hiyo huwa ni mistari michache. Wewe, ili upate mistari hiyo, umechukua kazi yote iliyofanyika tangu 1.3: vipengele ambavyo havijakamilika, majaribio ya watu, mabadiliko ambayo huenda wenyewe watayafuta kabla ya kutoa. Unapomfungia mtu msimbo uliochotwa, wewe ndiye umetoa toleo ambalo wenye programu hawakulitoa, na atakayeulizwa likiharibika ni wewe.

Angalia kwanza kilichobadilika kwa git log --oneline v1.3..main, tafuta komiti ya waya, kisha itoe peke yake kwa git format-patch -1 ukitaja heshi yake, na kuiweka kwenye debian/patches kama kiraka (faili la mabadiliko machache) juu ya 1.3. Juu ya kiraka andika vichwa vya DEP-3, utaratibu wa Debian wa kueleza viraka: maelezo mafupi, Origin inayotaja komiti ilikotoka, na Applied-Upstream, ili mtu mwingine akifungua faili hilo baada ya miaka mitatu ajue lini anaweza kulitupa. Kiraka cha mistari sita unaweza kukisoma chote na kukielewa. Komiti mia mbili hutazisoma, wala mimi.

Kuchota msimbo mzima kuna wakati wake. Kuna miradi ambayo imeacha kabisa kutoa matoleo na tawi kuu, yaani mstari mkuu wa kazi kwenye git, ndilo kila mtu analotumia. Kuna marekebisho yaliyofumwa ndani ya mabadiliko makubwa kiasi kwamba kuyachomoa ni kuandika programu upya. Kuna pia kufungasha kwa ajili ya majaribio, ambako Debian yenyewe ina kifurushi kinachoitwa gcc-snapshot kwa kazi hiyo. Ukijikuta katika hali hizo, usichote tu kilichopo kileleni mwa tawi siku hiyo. Chagua komiti ambayo majaribio ya wenyewe yamepita, na ikiwezekana waandikie uwaulize ni ipi wanayoiamini. Mara nyingi barua hiyo ya heshima, inayosema una mashine ngapi na unahitaji nini, ndiyo huwakumbusha kutoa toleo.

Bunda la msimbo (faili moja lililobanwa lenye msimbo wote) ulilojengea lihifadhi mwenyewe, usitegemee kulipakua tena. Tawi linaweza kusukumwa upya kwa nguvu na komiti yako ikabaki bila tawi hata kufutika. Na tarehe 30 Januari 2023 mabunda yanayotengenezwa papo kwa papo na GitHub yalibadilika alama za uhakiki kwa sababu tu ya mabadiliko ya namna ya kubana faili. Yaliyomo ndani yalikuwa yaleyale, lakini mifumo ya watu wengi iliyokuwa ikilinganisha alama hizo ilisimama, ikabidi mabadiliko yarudishwe. Tengeneza bunda kwa git archive ukitaja komiti, nayo itayapa mafaili wakati wa komiti badala ya wakati wa leo. Kumbuka kwamba git archive haichukui moduli ndogo zilizounganishwa kutoka maghala mengine, na kwamba haibebi saraka ya .git, kwa hiyo programu inayojiuliza namba yake kwa git describe wakati wa kujengwa itakosa jibu. Kwa zile za Python zinazotumia setuptools-scm, zana inayosoma namba ya toleo kutoka git, zipe namba kwa SETUPTOOLS_SCM_PRETEND_VERSION. Kwa nyingine itabidi usome jinsi inavyofanya.

Mabunda ya matoleo ya miradi ya Autotools (zana za kuandaa ujenzi wa programu) huja na faili la configure lililokwisha kutengenezwa, wakati ghala la git halina. Debhelper ya kisasa, zana ya Debian ya kujengea vifurushi, huendesha yenyewe autoreconf, inayotengeneza faili hilo, kwa hiyo hilo si mzigo mkubwa, na tangu mwaka 2024 wengi wetu tunaona ni afadhali hivyo. Katika programu ya kubana mafaili ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mlango wa siri ambao Andres Freund aliutangaza tarehe 29 Machi 2024 uliwashwa na kipande cha m4 (lugha inayotumiwa na Autotools) kilichokuwemo kwenye mabunda ya matoleo tu, hakikuwemo kwenye git. Ila mafaili ya majaribio yaliyoficha sumu yenyewe yalikuwemo hata kwenye git, kwa hiyo msimbo uliochotwa si salama kwa sababu tu umechotwa.

Jambo ninalolihofia zaidi kwako ni hifadhidata. Programu inayotunza uzito na risiti ina majedwali, na majedwali hubadilishwa kwa hatua zenye namba, kila hatua ikifanyika mara moja tu kwenye kila mashine. Katika toleo lililotangazwa hatua hizo ni ahadi. Katika msimbo uliochotwa ni rasimu, na wenye programu wana haki ya kuziandika upya. Niliwahi kuliwekea duka moja la vipuri programu ya stoo iliyochotwa, ambamo hatua ya 14 iliongeza safu ya kipimo kwenye jedwali la bidhaa. Kabla ya kutoa toleo, wenyewe waliifuta hatua hiyo na kuipa namba 14 kazi nyingine kabisa. Toleo rasmi lilipofika, mashine ya duka ilisema hatua ya 14 imekwisha kufanyika, ikairuka, na hatua ya 15 ikaanguka kwa kukosa jedwali ambalo halikuwahi kuumbwa. Nilikaa pale Jumamosi nzima nikihamisha rekodi kwa mkono, mwenye duka akiwa amesimama nyuma yangu na daftari lake la karatasi, akisoma bidhaa moja baada ya nyingine ili tuhakikishe hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, linganisha saraka ya hatua za hifadhidata kati ya v1.3 na f07a2c1, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mashine zako sasa:

git diff --stat v1.3 f07a2c1 -- migrations

Jina la saraka litategemea mradi. Kama hakuna kilichobadilika, rudi kwenye 1.3 yenye kiraka cha waya. Huwezi kuiita 1.3-2, kwa kuwa hiyo ni ndogo kuliko 1.3+gitf07a2c1-1 uliyokwisha kuisakinisha, kwa hiyo iite 1.3+really1.3-1, desturi inayotumika Debian mtu anaporudi nyuma, nayo itapanda kwa kuwa r huja baada ya g, na bado itaipisha 1.3.1 au 1.4 ikija. Kama majedwali yamebadilika, kurudi nyuma kutavunja rekodi za watu, kwa hiyo endelea mbele na 1.3+snapshot20250612.1.3be91d0-1, lakini linganisha pia f07a2c1 na 3be91d0 uone kama kuna hatua ya zamani iliyohaririwa badala ya hatua mpya kuongezwa. Ukikuta imehaririwa, usisakinishe. Waandikie wenye programu, uwaeleze kwamba una mashine zilizokwisha kuipita hatua hiyo.

Njia yoyote utakayoichukua, nakili kwanza faili la hifadhidata la mashine moja ya Mwaloni, sakinisha kwenye hiyo peke yake, pima gunia moja la dagaa, chapa risiti, zima, washa, pima tena. Iache ifanye kazi wiki nzima ya biashara. Kisha zile 20 zilizobaki Mwaloni, ambako unaweza kufika kwa daladala kitu kikiharibika. Zile 5 za Nansio ziwe za mwisho kabisa, na asubuhi ya kuzisasisha piga simu kwanza uhakikishe kuna mtu aliyesimama mbele ya kompyuta, mwenye nakala ya hifadhidata kwenye flashi na daftari la uzito mkononi.